Utani wa Jadi Unastahili Kitabu

Wazee wangu shikamooni, na vijana mliokuja na jezi zenu, karibuni. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitakakoelekea. Vitabu vya kuchekesha kuhusu soka la mahali fulani, soka la mkoa, la mtaa, la watu wanaojuana kwa majina, ni fasihi kamili. Mimi navipenda kuliko vitabu vya makocha na mbinu zao. Na sisi wenye Simba na Yanga tungepaswa kuwa tumejaza makabati. Nitalisema tena leo, maana wenye mashine za kuchapa bado hawajanisikia.

Nianze na Sunderland. Wazee mnatabasamu, vijana mnashangaa. Hadi mwaka 1971 Simba yetu iliitwa Sunderland, jina la klabu ya kaskazini mashariki mwa Uingereza inayovaa nyekundu na nyeupe mpaka leo. Huko kulikuwa na migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya kuunda meli, na jirani yao ni Newcastle. Wanataniana kama Kariakoo.

Huko ndiko alikong'ara mchezaji Len Shackleton. Newcastle walimnunua mwaka 1946, mechi yake ya kwanza akatupia mabao sita, Newport County wakachapwa 13-0. Inasimuliwa kwamba alisema Newport walikuwa na bahati kuipata hata hiyo sifuri. Mwaka 1948 akavuka kwenda kwa mahasimu, Sunderland, kwa pauni 20,050, ambayo ilikuwa rekodi ya Uingereza wakati ule. Na kauli anayokumbukwa nayo zaidi ni kwamba yeye hana upendeleo kabisa kwenye mambo ya Newcastle: yeyote atakayewafunga, kwake sawa. Niambieni kama hamjaisikia kauli hiyo Msimbazi au Jangwani, kwa maneno mengine!

Sasa sikilizeni hili, na walioshalisikia kwangu wanivumilie, maana sichoki kulisimulia. Mwaka 1955 Shackleton alitoa kitabu cha maisha yake, Clown Prince of Soccer. Unakisoma, sura baada ya sura, mipira, safari, ugomvi wa mishahara. Unafika kwenye sura yenye kichwa cha habari kuhusu kile ambacho mkurugenzi wa kawaida wa klabu anakijua kuhusu soka. Unageuza macho chini ya kichwa hicho. Hakuna kitu. Karatasi nyeupe. Mchapishaji kaweka maelezo mafupi tu, kwamba sura imeachwa tupu kwa makusudi, kwa matakwa ya mwandishi.

Jamani! Hebu kaeni na ukurasa huo kidogo. Wakati ule mchezaji wa Uingereza alikuwa amewekewa kikomo cha mshahara, na klabu ikimshikilia hata mkataba ukiisha. Wakurugenzi walikuwa wafanyabiashara wa mji, wenye viti vya mbele na sauti ya mwisho. Mtu angeweza kuandika kurasa hamsini za malalamiko, na leo nani angezikumbuka? Yeye hakuandika hata neno, na karatasi ile tupu bado inawachoma wakurugenzi miaka sabini baadaye. Mchezaji mwenye kipaji kile aliichezea timu ya taifa mara tano tu, na waliokuwa wanachagua timu walikuwa ni viongozi wa aina hiyohiyo. Kicheko chake kilikuwa hoja, tena hoja ya mtu aliyeumia.

Najua kuna anayesema moyoni: huo ni utovu wa adabu, na kwetu utani wa namna hiyo utaleta vurugu. Nimelisikia mara nyingi na linanichosha. Sisi tuna utani wa makabila! Mnyamwezi anamtania Mzaramo hata msibani, na hakuna anayeita polisi. Utani una mipaka yake na wenyewe wanaijua. Kinacholeta vurugu ni matusi, na mtu hutukana pale anaposhindwa kutania.

Tena tazameni utani wetu ulivyo na elimu ndani yake. Kwa nini Yanga wanaitwa Vyura? Kwa sababu makao yao yako Jangwani, na masika yakija bonde linajaa maji. Mto unaofurika hapo unaitwaje? Msimbazi! Na makao ya Simba yako mtaa gani? Msimbazi! Yaani mto wenye jina la mtaa wa watani ndio unaowapelekea Yanga maji hadi mlangoni. Katika neno hilo moja kuna ramani ya Dar es Salaam, kuna mipango miji, kuna historia ya watu waliojenga bondeni. Yanga nao wakajibu kwa Mikia, wakaongeza Makolo. Wakagoma kuvaa nembo nyekundu ya mdhamini wa ligi, maana nyekundu ni rangi ya Simba, mpaka ikabadilishwa rangi. Nani ameyakusanya haya akayaandika kwa raha, kurasa mia mbili, na picha?

Mtaniambia yako mtandaoni. Yako, ndiyo. Baada ya Yanga kuichapa Simba 5-1 Novemba 2023, kumpungia mkono wenye vidole vitano shabiki wa Simba kulikuwa uchokozi mtupu, na simu zetu zilijaa vichekesho vya hali ya juu. Nani anaweza kunionyesha hata kumi vya usiku ule sasa hivi? Simu imeibiwa, kundi limefutwa, basi. Lakini ukurasa mtupu wa mwaka 1955 ninaweza kuushika mkononi.

Wenzetu wa kaskazini mashariki hawakuishia kwa Shackleton. Mwaka 1994 mwandishi Harry Pearson alitoa kitabu, The Far Corner, akizunguka viwanja vya eneo lake msimu mzima, vikubwa na vile vya ligi ndogo ambako mashabiki wanahesabika. Anawacheka watu wake kwa sababu anawapenda, na kila ukurasa unalionyesha pendo hilo. Kule hadithi haziishi. West Auckland, timu ya kijiji cha wachimba makaa, ilikwenda Torino, Italia, ikatwaa kombe la Sir Thomas Lipton mwaka 1909, ikarudi mwaka 1911 ikalichukua tena kwa kuifunga Juventus 6-1. Wapo wanaosimulia kwamba mwaliko ulikuwa wa Woolwich Arsenal, ndiyo Arsenal ya leo, herufi W na A zikawachanganya waandaaji. Safari iliwaacha na madeni, kombe likawekwa rehani kwa mama mwenye hoteli ya kijijini kwa pauni 40. Likakombolewa mwaka 1960 kwa pauni 100. Mwaka 1994 likaibiwa.

Hadithi kama hizo kwetu zimejaa! Tanga, Coastal Union na African Sports, mji mmoja, ubingwa wa Coastal wa mwaka 1988. Tukuyu Stars waliobeba kombe mwaka 1986 wakitokea milimani Rungwe. Mseto ya Morogoro, 1975. Kenya wana Gor Mahia na AFC Leopards, wanaiita mechi ya mashemeji kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana sana, na hapo tu pana kitabu kizima cha ukwe na soka. Nilitaka kusema kuhusu akina mama wa matawi ya mashabiki, ambao kwa kutania hawana mpinzani, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi niseme la haraka. Agosti 1974, uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga iliifunga Simba 2-1, na bao la ushindi likaja muda wa nyongeza kutoka kwa Sunday Manara, Kompyuta. Walioisafiria mechi hiyo kwa treni wakiwa vijana leo ni wazee wa miaka sabini na kitu. Wanayo mabishano ya behewani, nani alilia, nani alirudi bila viatu. Wanayo kichwani tu. Vijana, nendeni na kinasa sauti kabla ya masika ijayo, muwahoji wa pande zote mbili, kila upande kivyake, kisha wote pamoja, maana wakikaa pamoja ndipo watakapoanza kusahihishana. Wachapishaji mliopo hapa, nataka majina yenu kabla hamjatoka.

Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali.