Diski ya kuwashia seva: kabla hujaniuliza kasi

Shikamooni wakubwa. Mafundi wenzangu, habari za jioni. Na nyie wanafunzi mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nimewaona.

Swali lililowaleta nalijua. Haipiti wiki bila kijana kunipigia: "Mwalimu, nimepata kompyuta ya mtumba, nataka iwe seva ya nyumbani, ya kuwaka muda wote na kutunza mafaili, niiwekee SSD gani yenye kasi ya kuiwashia?" SSD ni diski isiyozunguka, data inakaa kwenye chipu; na diski ya kuwashia ni ile yenye mfumo ambao kompyuta inaanzia. Nami namuuliza, kasi ya kwenda wapi? Wengi wananiona mzee mkorofi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Waya wa mtandao wa nyumbani kwa kawaida ni gigabiti 1 kwa sekunde. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 125, na hapo hujatoa kinachopotea njiani. SSD ya SATA, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski, inasoma megabaiti 550 hivi kwa sekunde. NVMe, aina mpya inayopita njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe, ya kizazi cha 3 inafika 3,500, ya kizazi cha 4 inagusa 7,000. Sasa wewe umetoa hela ya 7,000 ili upitishe 125. Umenunua gari la mashindano, unapanda nalo mlima wa Kitonga nyuma ya lori la mafuta.

Simaanishi urudi kwenye diski ya kuzunguka. Hapana. Ile ukiiomba vipande vidogo vidogo vya data inatoa kama mia moja kwa sekunde, SSD hata ya kawaida inatoa maelfu. Huo mruko utauona kwa macho. Ukishauruka, mbio za baada ya hapo ni namba za kwenye boksi tu.

Haya. Nimekuja na diski mbili. Pokea hii, mama, pitisha nyuma. Usiogope kuidondosha, ilishakufa. Nimeifungua kwa bisibisi. Boksi lote la inchi 2.5, ndani hewa tupu, na kabao kadogo kama biskuti kamejibanza kwenye kona ya soketi. Chipu ya kuongoza, chipu ya kumbukumbu, basi. Na hii nyingine ishike kwa mkono wa pili: Intel DC S3500, toleo la mwaka 2013, imetoka kwenye seva ya ofisi iliyobomolewa. Nzito, eh? Ndani bao limejaa, na kuna kapasita, vile vitu vinavyoshika chaji. Ziangalieni vizuri, maana leo nimekuja kusema habari za kapasita tu.

Ile biskuti ilikuwa diski ya kuwashia seva yangu, nyumbani pale Soweto, hapa Mbeya. Duka sitalitaja. Kwenye seva niliweka picha za familia, na nikamsaidia jirani yangu, mama anayeuza chakula cha kuku, kuweka daftari lake la madeni. Nilijisifu sana. Nilimwambia, mama, sasa achana na kaunta buku, hii ni kompyuta. Ikaja jioni moja ya Machi, mnajua mvua yetu ya Machi, radi inatembea juu ya mlima Loleza kama inatafuta mtu. Umeme ukakatika, ukarudi. Ukakatika, ukarudi. Mara ya tatu ukakatika jumla. Asubuhi nawasha seva, bayosi, ile programu ya kwanza ya kuiamsha kompyuta, haioni diski. Nachomoa kebo, narudisha. Nabadilisha soketi. Diski haipo duniani.

Picha zilipona kwa kuwa zilikuwa diski nyingine. Daftari la madeni lilikuwa kwenye diski ya kuwashia, pamoja na mipangilio yote. Wadaiwa wa yule mama walilala usingizi mnono wiki nzima, mpaka alipotoa kaunta buku chini ya godoro. Hakuwahi kuacha kuandika! Alinitazama tu, hakusema neno, akanipimia pumba.

Kilichotokea ni hiki. SSD haiandiki data mahali pamoja. Inaihamisha hamisha ili seli, vile vijumba vya data ndani ya chipu, zisichakae upande mmoja, na ina ramani ya kipi kiko wapi. Sehemu ya ramani hiyo na data inayosubiri kuandikwa hukaa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme. Umeme ukikatika katikati, ramani inaweza kuharibika, na bila ramani ile chipu ni changarawe. Kapasita zinaipa diski punje ya sekunde imalizie kuandika. Na kuna diski zinazoongopa: mfumo unauliza "umeandika kweli?", nayo inajibu "tayari", kumbe bado.

Namwona ndugu kule ananyoosha mkono. "Mimi nina UPS." Ile betri ya akiba umeme ukikatika. Hongera. Betri yake umeipima lini? Ile kebo ya USB inayoiambia seva ijizime betri ikiishiwa, umeichomeka, au bado iko kwenye nailoni? Nilijua. UPS bila kebo ile inaahirisha msiba kwa dakika kumi. Nunua UPS, lakini usiifanye kisingizio.

Kwa hiyo ukipata diski iliyotumika ya seva za ofisi yenye kapasita, ipime kwanza kwa smartctl, programu ya kusoma afya ya diski, uone imeandikwa kiasi gani, kisha uichukue hata kama ni SATA ya zamani. Gigabaiti 120 zinatosha; Debian, mfumo wa Linux wa kuendeshea seva, isiyo na madirisha haifiki hata 10.

Muda... nimeonyeshwa dakika tatu. Basi haraka. NVMe ikiwa bei moja na SATA, chukua NVMe, sina ugomvi, ila tazama kwanza soketi ya M.2, ule mdomo wa kwenye bao wa kuchomeka diski nyembamba: kuna inayopokea SATA tu, kuna inayopokea NVMe tu, na mara nyingi kwa macho ni mdomo uleule. Namba 2280 kwenye diski hizo ni upana milimita 22, urefu 80. Kompyuta ndogo nyingine haziachi nafasi hiyo. SSD za QLC, biti nne kwa seli: bei nzuri, lakini ukiiandikia mfululizo nyingine zinashuka mpaka chini ya diski ya kuzunguka. Kibati cha kupozea msinunue, watu wa Dar wana sababu. Sisi Juni tunavaa makoti ndani ya nyumba. Nakala ya mipangilio iwekwe nje ya seva, hilo lilikuwa na nusu saa yake, tutalirudia.

Swali moja. La kasi silipokei. Na ile Intel imefika wapi? Mama, ulimpa nani? Ile biskuti mnaweza kubaki nayo.