Mali Ipo, Fedha Hakuna: Kodi ya Mirathi na Biashara ya Familia

Mabibi na mabwana, nitaizungumzia Marekani, ambako kodi ya mirathi ya serikali kuu ipo tangu 1916 na ugomvi juu yake haujawahi kupoa. Wapinzani wameibatiza "kodi ya kifo". Wanasema mzazi hujenga kiwanda maisha yake yote, akifariki watoto wanakiuza ili walipe serikali.

Kiwango cha juu ni asilimia 40, kweli, lakini hutozwa kwa kinachozidi msamaha tu, yaani sehemu ya mali isiyotozwa kodi, na kuanzia 2026 msamaha ni dola milioni 15 kwa mtu mmoja. Duka la kawaida la familia halimo kabisa kwenye mjadala huu, ingawa ndilo linalotajwa majukwaani kila mara.

Kwa wanaoguswa, kinachobana hasa ni muda. Kodi hudaiwa miezi 9 baada ya kifo, tena kwa fedha taslimu, na utajiri wenyewe umelala kwenye mashine, ardhi na hisa zisizo na mnunuzi. Sheria inalijua hilo: biashara ikizidi asilimia 35 ya mirathi, kodi yake yaweza kulipwa kwa awamu kwa zaidi ya miaka 10.

Wengine hukimbilia bima ya maisha ili fedha taslimu zipatikane mtu akifariki. Hapo kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2024. Ndugu wawili wa Missouri walimiliki kampuni ya vifaa vya ujenzi. Mmoja akafariki, kampuni ikapokea fedha za bima, ikatumia dola milioni 3 kununua hisa zake. Upande wa marehemu ukasema kampuni ina thamani ya dola milioni 3.86. Majaji wote wakasema hapana, fedha za bima nazo ni mali ya kampuni, kwa hiyo ni milioni 6.86. Kodi ikaongezeka kwa karibu dola 890,000. Na mkataba wao wa kununua hisa za atakayefariki uliwataka wakubaliane thamani ya kampuni kila mwaka! Hawakufanya hivyo hata mara moja. Hilo nalo tuilaumu kodi?

Wanaotaka ifutwe wana jambo la kujibu. Mrithi akiuza mali, faida iliyojikusanya enzi za marehemu haitozwi kodi, kwa sababu thamani huhesabiwa upya kuanzia siku ya kifo. Futa kodi ya mirathi, iache kanuni hiyo, na faida hiyo haitatozwa kamwe. Canada haina kodi ya mirathi, lakini huitoza faida hiyo kana kwamba marehemu ameuza vyote siku aliyofariki. Huko nako warithi wa kiwanda hutakiwa kutafuta fedha taslimu.