Kasula yetu ikipanda ndege

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mbukwenyi. Baba paroko kaniomba niongee kidogo kuhusu ile barua, maana tangu isomwe kwenye matangazo nasikia mengi, jumuiya hii wanasema parokia inauza kasula, lile vazi la juu analovaa padre kwenye misa, jumuiya ile eti imeshaondoka usiku. Ipo jamani. Nimeiona asubuhi hii kwenye kabati la sakristia, imekunjwa mara nne, juu yake kuna boksi la mishumaa.

Barua yenyewe fupi. Makumbusho moja ya Ulaya inaandaa maonyesho ya mavazi ya ibada na wanaomba kuazima ile kasula ya hariri nyeupe waliyotuachia mapadre wa misheni, miezi minne, kisha irudi. Kuazima.

Najua mnachowaza. Mtanzania ukimtajia makumbusho ya Ulaya anamkumbuka mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, kachimbwa huko Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo kasimama Berlin. Jirani zetu wa Iringa nao walilisubiri fuvu la Chifu Mkwawa lirudi kutoka Ujerumani mpaka 1954. Hofu hiyo ina haki yake kabisa, siicheki. Ila mjusi hakuazimwa, hakuna mtu wa Tendaguru aliyesaini karatasi yenye tarehe ya kurudi. Sasa linganisheni na kijiji kimoja cha Uingereza kinaitwa Steeple Aston, kanisa lao lina kapa, yaani joho la padre la ibada, ya karne ya 14 yenye malaika amepanda farasi anapiga kinanda cha nyuzi, imekaa miaka mingi Victoria and Albert Museum pale London na bado ni mali ya parokia. Na hiyo kapa wenyewe wa zamani waliikata wakashona kitambaa cha altare, kwa hiyo msidhani wazungu wote walikuwa wanatunza.

Kuna kapa nyingine ya Ascoli Piceno, Italia, zawadi ya Papa Nikolasi wa Nne mwaka 1288. Ikaibiwa 1902, tajiri wa Marekani J. P. Morgan akainunua, ikaja kuonyeshwa London, hapo ikatambuliwa, na 1904 akairudisha Italia. Nawauliza, yetu ikiibiwa leo, bila ndege wala makumbusho, mwizi wa hapa hapa tu, tutaitambulisha kwa nini? Hatuna picha yake nzima hata moja! Hatuna urefu wake, hatujaandika popote kwamba bega la kushoto nyuzi zimeanza kuachia.

Ruhusa sasa. Paroko hawezi kusaini peke yake, hili linazidi uendeshaji wa kawaida kwa hiyo lazima askofu atoe ruhusa ya maandishi, na kama ingekuwa kuuza kitu cha thamani ya kihistoria hiyo ni mpaka Roma, kanuni namba 1292 ya Sheria ya Kanisa. Serikalini kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, tuwaulize kibali mapema tusije tukakwama airport na boksi mkononi. Basi, hayo ya ofisini yanatosha.

Ninalotaka mlielewe ni kiraka.

Mnaikumbuka ile kasula mgongoni, si ndio? Wakubwa wote mnaikumbuka mgongoni, maana zamani padre alikuwa anaielekea altare na nyinyi mnaona mgongo wake misa nzima, ndiyo maana msalaba na maua yote yako nyuma. Lakini ukiigeuza ndani, chini kidogo ya kiuno, kuna kiraka cha kanga. Nyekundu, imeshapauka. Kuna mama wa parokia hii aliona bitana inachanika akachukua kanga yake akashona, kwa mkono, mishono midogo midogo kama ya fundi. Nilipowatumia wale wa makumbusho picha ya simu (ya kiraka tu) wakajibu kwa adabu kwamba wataalamu wao wanaweza "kuirudisha kwenye hali yake ya mwanzo". Maana yake kiraka kitoke. Hapo nilikataa bila hata kumuuliza paroko, baba unisamehe. Mwanzo wa nani? Bila ile kanga kusingekuwa na kasula ya kuazima.

Kwa hiyo kwenye mkataba sharti langu la kwanza ni hilo, hakuna kufua, hakuna kufumua, hakuna kushona bila sisi kukubali kwa maandishi. Na kibandiko cha maonyesho kitaje kanga. Mengine ni ya kawaida: bima ianze ikitoka kabatini mpaka irudi kabatini na walipe wao, mtu wetu aisindikize, ripoti ya hali yake isainiwe ikitoka na ikirudi, taa isizidi luksi 50, hicho ni kipimo cha mwangaza. Jua la Dodoma saa sita linafika hata laki moja, na sisi huwa tunaianika nje! Hariri ikishaliwa na mwanga hairudi. Na boksi likifika lisifunguliwe siku hiyo hiyo, likae kama saa 24 lizoee hewa, maana huku kwetu kukavu, kule unyevu, nguo inavimba na kunywea kama mlango wa mbao.

Mimi nasema tuwaazime. Lakini kusema kweli ukavu wetu umeilinda na ukungu, kabati letu limeiumiza, ile mikunjo minne ndiyo inayokata nyuzi za dhahabu, na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu vinavyonuka tuvitoe leo.

Mama wa WAWATA, wanawake wetu Wakatoliki, nimeuona mkono, swali lako nalichukua sasa hivi. Kabla sijasahau tu: Jumamosi saa tatu asubuhi sakristia, tunapiga picha ndani na nje, tunapima, tunaandika kwenye daftari. Njooni na shuka jeupe safi, mikono imeoshwa, losheni hapana. Na kama kuna anayemjua mwenye ile kanga, au mtoto wake, aje naye.