Februari Ndiyo Inayoamua: Mvua na Kilimo cha Dodoma

Wazee wetu, ndugu wakulima, maafisa ugani, asanteni kwa kunipa nafasi.

Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka. London, mji unaosifika kwa mvua, hupata kama 600. Tofauti ni ndogo mno. Lakini kule mvua husambaa miezi yote 12 na jua lake ni la upole. Huku kwetu karibu yote humiminika kati ya Desemba na Aprili, tena nyingine kwa saa mbili za radi, halafu jua na upepo vinadai maji kuliko mbingu zilivyotoa. Ndiyo maana naumia nikisikia watu wakiulizana tu kama mwaka huu mvua ni nyingi au chache. Tuulize inaanza lini, na inakatika lini.

Ukavu wa Februari kila mmoja hapa anaujua. Aliyepanda mahindi katikati ya Desemba, kufika katikati ya Februari shamba lake linatoa mbelewele na ndevu. Siku hizo mhindi hauna subira hata kidogo. Ndevu zikikauka kabla ya kupokea chavua, punje hazishiki. Machi mvua ikirudi, hata iwe kubwa namna gani, itastawisha majani tu, gunzi limeshaharibika. Mwisho wa msimu kipimo kitasoma "wastani", na ghala liko tupu.

Mtama hauko hivyo. Ukikosa maji hukunja majani, husimama kukua, ukingoja. Mvua ikirudi unaendelea. Uwele unavumilia hata zaidi. Wagogo hawakuchagua nafaka hizi kwa kukosa nyingine.

Walioipuuza hali hii walilipa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga, wakinuia ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mvua ilikuwa haba na isiyotabirika. Udongo wa mfinyanzi ukikauka uligeuka mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine, na karanga zikang'ang'ania ardhini. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, pauni kama milioni 36 zimeteketea.

Udongo ule ule ndio tunaoulima leo. Kwa hiyo kuberega, kusafisha shamba na kupanda bila kutifua, kunaniogopesha sana. Ardhi ikiwa imeshikamana, mvua ya saa mbili inakimbilia korongoni na haikusaidii kuvuka Februari. Mtu akitifua kwa kina na kuinua matuta ya kuzuia maji, au akichimba mashimo madogo ya kupandia kama walivyofanya kijijini Chololo, hapa hapa Dodoma, maji yale yale yanazama kwenye mizizi.

Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa nao usisomwe mstari wa kwanza tu. Ndani yake mna tarehe za kuanza na kuisha kwa mvua, na tahadhari ya vipindi vya ukavu. Afisa ugani, hayo ndiyo ya kupeleka kijijini, na uyapeleke kabla mbegu haijanunuliwa.

Neno langu la mwisho ni kwenu maafisa. Msimwite mkulima mbishi anapokataa mtama. Anawaogopa kweleakwelea. Suke la mtama liko wazi, gunzi la mhindi limefunikwa na maganda. Mwenye shamba moja la mtama katikati ya mahindi ya majirani atalisha ndege wote wa kata nzima, na watoto wake watashinda shambani wakiwafukuza badala ya kwenda shule. Kijiji kikipanda pamoja, kwa wiki moja, mbegu za kukomaa sawia, hasara inagawanyika. Itisheni mikutano hiyo Oktoba, watu wakiwa bado nyumbani.