Mgonjwa yuko ECMO? Oksijeni pima mkono wa kulia

Habari zenu wauguzi wenzangu, madaktari, wanafunzi, na wote mnaokesha kando ya mashine. Karibuni mezani. Leo nina mrija mnene wa plastiki unaopenyeza mwanga, pampu ndogo ya maji, mpira wa kubinya, vikombe vitatu vya kioo na rangi mbili, nyekundu kwa damu yenye oksijeni na buluu kwa damu iliyopungukiwa. Kwa vitu hivi nataka muone kwa macho yenu jinsi mgonjwa mmoja anavyoweza kuwa na damu ya namna mbili kwa wakati mmoja: miguuni imeshiba oksijeni, kichwani imepungukiwa.

Ninazungumzia ECMO, mashine inayoitia damu oksijeni nje ya mwili, ya namna inayotoa damu kwenye veini na kuirudisha kwenye ateri, kanula zote mbili, yaani mirija inayoingia kwenye mishipa, zikiwa zimepita kinenani. Kama mgonjwa wako anarudishiwa damu kwenye veini, somo lake ni jingine.

Kuunganisha nimeshaunganisha, sitawachosha. Mrija huu uliopinda kama mpini wa bakora ndio aota, ateri kuu inayotoka moyoni. Mpira wa kubinya huku juu ndio ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, una maji ya buluu. Pampu ya chini ndiyo mashine, inapandisha maji mekundu kinyume na mkondo wa kawaida wa damu. Hapa kwenye upinde pana matawi matatu. La kwanza linalisha mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa, la pili upande wa kushoto wa kichwa, la tatu mkono wa kushoto. Kila tawi lina kikombe chake. Mpangilio huu ushikeni vizuri, mengine yote yanatoka hapa.

Nawasha pampu. Mpira sijaugusa, moyo bado umelala. Nyekundu inapanda, inapanda, inaingia kwenye upinde, na vikombe vyote vitatu vinapokea nyekundu. Mgonjwa ambaye moyo wake hausukumi kitu huwa hivi, na ukimpima popote utapata jibu lilelile.

Sasa naanza kubinya. Polepole kwanza. Dada, sogeza kamera hapa... karibu zaidi... hapo hapo, usitikisike. Mnaona buluu inavyochungulia? Inasukumana na nyekundu, na pale zinapokutana pamefanyika ukungu wa zambarau. Ukungu huo hautulii. Nikibinya kwa nguvu unashuka, nikilegeza unapanda. Tazameni vikombe: cha kwanza kimeshageuka buluu, cha pili kinaanza kuchafuka, cha tatu bado chekundu kabisa. Na hapa kwenye mzizi wa aota, kabla hata ya tawi la kwanza, ndipo zinapoanzia ateri zinazoulisha moyo wenyewe. Pote buluu tupu. Moyo ndio wa kwanza kunywa damu mbaya ambayo...

Subiri. Subiri, mrija umechomoka. Zima pampu! Sawa. Ni maji tu, naufuta. Lakini ngoja niseme, maana kamera imeshaona: kwa mgonjwa, kiungio kikiachia namna hii ni dharura ya sekunde, unabana mirija kwa klempu na unaita msaada. Ndiyo maana kila zamu tunapitisha mkono kwenye viungio vyote. Haya, nimekaza. Tunaendelea.

Hali hii wengi wanaiita Harlequin, kwa jina la yule mchekeshaji wa jukwaani wa zamani mwenye vazi la vipande vya rangi tofauti. Wengine husema kaskazini na kusini. Inatokea pale moyo unapoanza kupata nguvu ilhali mapafu bado ni mabovu. Damu inayopita kwenye mapafu hayo inatoka bila oksijeni ya kutosha, na moyo ulioamka unaisukuma hadi kichwani. Ndiyo maana nawaomba siku moyo unapopata nafuu msilegeze macho. Siku hiyo ndiyo ya kukaza.

John Gibbon alipotumia mashine yake ya moyo na mapafu kumfanyia msichana upasuaji wa moyo kule Philadelphia, tarehe 6 Mei 1953, mashine ilibeba kazi yote kwa takriban dakika 26. Siku hizi kwenye upasuaji wa namna ile moyo kwa kawaida husimamishwa, basi hakuna wa kushindana na mashine. Wodini tunakaa na ECMO siku nyingi, na moyo unapiga muda wote. Mashindano haya yanatokana na hapo.

Twende kitandani. Mkono huu wa sanamu ndio mgonjwa wangu.

Hatua ya kwanza ni mahali pa kupimia. Laini ya ateri, mrija mwembamba wa kusomea presha na kuchukulia damu, iwe kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Oksimita, kile kibanio cha kusoma oksijeni, iwe kwenye kidole cha mkono wa kulia, au sikio la kulia kama vidole vimepoa na havisomi. Mkono wa kulia. Wa kushoto unaweza kuwa unapokea damu ya mashine wakati ubongo upande wa kulia unakosa. Mguuni ndiko kabisa usiende, pale unapima kazi ya mashine tu.

Nasisitiza kwa sababu yalinikuta. Zamu ya usiku, mgonjwa wa siku ya tatu, oksimita ilikuwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa na bandeji. Skrini ilisoma asilimia 99, nami nikaandika 99 kila saa. Alfajiri mwenzangu wa zamu iliyofuata alihamishia kidole cha kulia akaona 81. Tulichukua gesi za damu, yaani damu ya ateri ya kupimia oksijeni na kaboni dioksidi, kutoka upande wa kulia, presha ya oksijeni ilikuwa milimita 46 za zebaki. Mgonjwa alitibiwa na akaamka vizuri, nashukuru mno, lakini zile 99 nilizoandika kwa mkono wangu bado naziona. Bandeji ihamishwe, oksimita ibaki kulia.

Hatua ya pili, wimbi la presha. Mashine inasukuma mfululizo, bila mapigo, kwa hiyo moyo ukiwa umelala mstari huwa karibu bapa, tuseme 66 kwa 61. Ukianza kuona vilima, 78 kwa 60, halafu 95 kwa 58, ujue moyo unatoa damu na ukungu wa zambarau unashuka. Mimi napenda kuandika tofauti ya namba hizo mbili kwenye karatasi ya zamu kila saa. Ikipanuka, chukua gesi za damu upya. Kutoka wapi? Mkono wa kulia.

Hatua ya tatu, vibandiko vya kupima oksijeni ya ubongo, kimoja kila upande wa paji la uso. Futa jasho, kausha, bandika. Andika namba za mwanzo, maana thamani yake iko kwenye mabadiliko. Upande wa kulia ukishuka peke yake, au namba ikipungua kwa kama sehemu moja ya tano ya ile ya mwanzo, usisubiri saa ijayo.

Hatua ya nne wengi huiruka: hakikisha kosa si la mashine. Pima damu inayotoka kwenye oksijeneta, sehemu ya mashine inayoitia damu oksijeni. Ukiwa umeweka oksijeni tupu, unatarajia namba kubwa, mara nyingi zaidi ya 200. Ikiwa hapo ni 350 na mkono wa kulia ni 46, oksijeneta inafanya kazi yake na shida iko kwenye mapafu. Ikiwa hata hapo ni ndogo, shika bomba la gesi, lifuate kwa kiganja kutoka ukutani hadi kwenye oksijeneta. Huenda limechomoka, na jicho pekee linaweza kulikosa.

Na kaboni dioksidi isomwe kulia pia. Ukirekebisha gesi ya mashine kwa kufuata damu ya mguuni tu, unaweza kuurekebisha mguu ukauacha ubongo na kaboni dioksidi isiyoufaa, na mishipa ya ubongo huitikia haraka sana mabadiliko yake.

Sasa tiba. Maamuzi ni ya timu nzima, ila wewe uliye kitandani ndiye unayeleta namba. Kwanza mapafu: ongeza oksijeni ya ventileta, mashine ya kupumulia, na presha inayobaki mwishoni mwa pumzi, vuta makohozi, angalia mpira wa kupumulia, picha ya kifua isicheleweshwe, maji yaliyozidi mwilini yapunguzwe. Wengi hukosea kuiacha ventileta chini kabisa wakiamini mashine inatosha.

Pili, kasi ya pampu. Nirudishe modeli. Naongeza... ukungu unapanda, kikombe cha kwanza kinarudi chekundu. Inapendeza. Lakini tazama mpira wangu ninapoubinya, umekuwa mgumu! Moyo dhaifu unasukuma dhidi ya ukuta. Ventrikali ya kushoto inaweza kuvimba, damu ikarundikana mapafuni, na mapafu yakazidi kujaa maji. Ongeza kidogo kidogo, huku jicho liko kwenye wimbi la presha. Wimbi likilala kabisa umezidisha.

Isipotosha, madaktari huweza kuongeza kanula ya kurudishia damu kwenye veini ya shingo. Naingiza nyekundu kidogo kwenye mpira wa buluu, tazameni: sasa hata kinachotoka moyoni kina wekundu. Hapo lazima kila mrija wa kurudishia damu uwe na kipimo chake cha mtiririko, na klempu ya kurekebisha, kwa kuwa damu hukimbilia veini yenye presha ndogo na kuiacha ateri na njaa. Na kama moyo umepona kweli, mapafu pekee ndiyo yamebaki, mgonjwa huhamishiwa ECMO ya veini kwenda veini.

Kabla sijazima kamera, plasta hii nyeupe. Nakata kipande, naandika KULIA kwa herufi kubwa, nabandika kwenye waya wa oksimita, sentimita chache kutoka kidoleni, ili hata anayekuja kumgeuza mgonjwa saa nane usiku aione. Dada, wasogezee waione. Hiyo.