Ugeni, Chai na Dhahabu: Maisha ya Nyumbani kwa Waturuki

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa ndugu zangu wote mnaonitazama kutoka Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na kwingineko. Leo nazungumza nanyi nikiwa sebuleni kwangu hapa Kayseri, mji ulio katikati ya Uturuki, na mlima mnaouona kupitia dirisha hili, wenye theluji kileleni, ni Erciyes, ambao urefu wake ni mita 3,917. Wengi wenu mmewajua Waturuki kupitia tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na kwa sababu hiyo maswali mnayoniandikia huhusu majumba ya kifahari ya kando ya bahari kule Istanbul, mashemeji wanaokula njama na mama wakwe wasiotabasamu. Majumba yale yapo, lakini familia nyingi za hapa zinaishi katika maghorofa ya kawaida, zinalipa ada ya kila mwezi ya usafi na lifti, na zinajuana na majirani wa ngazi moja kwa namna ambayo tamthilia haina muda wa kuionyesha.

Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba ukarimu wa Waturuki, ambao kila msafiri huusifu, una hesabu ndani yake. Silisemi hili kwa ubaya. Ninasema tu kwamba kinachotolewa hukumbukwa, na kinachokumbukwa hurudishwa, hata ikipita miaka, na mgeni asiyelijua hilo anaweza kupokea mema ya watu kwa muda mrefu bila kutambua kwamba zamu yake imekwisha kufika.

Tuanze mlangoni. Viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga ndani, na hilo kwetu watu wa pwani si jambo geni. Tofauti ni kwamba hapa hawakuachi utembee pekupeku, bali kila nyumba ina kabati dogo lenye ndara za wageni, na mwenyeji huinama mwenyewe kukupangia jozi mbele ya miguu yako. (Jozi za wageni wa kike hushonwa kwa kudhani kwamba hakuna mwanamke duniani mwenye mguu kama wangu.) Za msalani ni nyingine kabisa, na ole wako utoke nazo ukaingia nazo sebuleni.

Ukishaketi huletewa kolonya, yaani manukato mepesi, aghalabu ya limau, ambayo humiminwa katika viganja vyako na wewe ukayapangusa mikononi na, ukipenda, usoni. Desturi hiyo ilienea tangu enzi ya Sultani Abdülhamid wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1876 hadi 1909, na kabla yake wageni walikuwa wakipewa maji ya waridi, kama wazee wetu walivyokuwa wakiwanyunyizia wageni marashi kwa mrashi. Kuna mtazamaji aliyeniuliza kama si haramu, kwa kuwa kolonya ina kileo. Mimi si mwanachuoni, nami nitasema tu kwamba nimeiona ikipitishwa katika nyumba za watu wanaoswali swala zote tano.

Kisha inakuja chai, na hapa inabidi nitulie kidogo. Chai yao hupikwa kwa mabirika mawili yanayokaa moja juu ya jingine: la chini lina maji yanayochemka, la juu lina majani yaliyoivishwa taratibu kwa mvuke hadi yakatoa rangi nzito. Mwenyeji humimina kwanza ile nzito ndani ya bilauri ndogo yenye kiuno chembamba, kisha anaongeza maji kulingana na jinsi mgeni anavyoipenda, kali au nyepesi. Maziwa hayatiwi, na ukiyaomba utaangaliwa kwa huruma. Waturuki ni miongoni mwa watu wanaotumia chai nyingi zaidi duniani kwa kila mtu, zaidi ya kilo 3 za majani kwa mwaka, kiasi kwamba mgeni hudhani wamekuwa hivyo tangu enzi za masultani. Sivyo. Kinywaji chao cha kale ni kahawa, ambayo waliipata kutoka Yemen walipokuwa wakiitawala nchi hiyo, na ambayo mwaka 2013 utamaduni wake uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Dola ya Uthmaniya, yaani dola ya masultani hao wa Kituruki, ilipoanguka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Yemen ikatoka mikononi mwao, kahawa ikawa bidhaa ya kununuliwa nje kwa fedha za kigeni, na serikali ya Jamhuri ikahimiza kilimo cha chai katika milima yenye mvua ya Rize, kando ya Bahari Nyeusi. Kiwanda cha kwanza cha chai kilifunguliwa huko mwaka 1947, kwa hiyo bado wapo wazee walio na umri mkubwa kuliko kiwanda hicho.

Bilauri yako ikiisha itajazwa tena bila kuulizwa. Kusema umeshiba hakusaidii sana, maana huhesabiwa kuwa ni adabu tu ya mgeni. Anayetaka kweli kuacha hulaza kijiko juu ya mdomo wa bilauri, na hapo mwenyeji huelewa. Hata hivyo wazee husema kwamba kikombe kimoja cha kahawa kina kumbukumbu ya miaka 40, nao hawatanii. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima ambaye jengo zima humwita shangazi, aliwahi kunieleza kwa utaratibu ni nani aliyempelekea supu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana wajukuu.

Ukifika mwezi wa Muharram, majirani hupika ashura, chakula kitamu cha ngano, maharagwe, dengu na matunda makavu, wakakigawa mlango kwa mlango. Bakuli unaloletewa halirudishwi tupu, na hapa watu wa Tanga hamna haja ya kufundishwa, kwa kuwa hata sahani ya futari kwetu hairudi hivyo.

Lakini jambo ambalo hasa lilinifanya niwashe kamera leo ni siku ya dhahabu. Huu ni mkutano wa wanawake, labda kumi, labda kumi na wawili, wanaokutana mara moja kwa mwezi nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu iliyopangwa kwa kura. Kila anayekuja huleta sarafu ya dhahabu inayoitwa robo, yenye uzito wa gramu 1.75 na ubora wa karati 22, na sarafu zote huenda kwa mwenye nyumba wa mwezi huo. Mwezi unaofuata, zamu ni ya mwingine. Mnaocheza upatu, mnaoita mchezo, na ndugu zetu wa Kenya wenye vyama vyenu, bila shaka mmekwisha kuelewa bila mimi kuendelea.

Kuna tofauti moja, nayo ni kubwa. Katika upatu wa shilingi, anayepokea mwisho hupokea fedha ambayo thamani yake imepungua, na ndiyo maana watu hugombania zamu za mwanzo. Katika siku ya dhahabu, wa kwanza na wa mwisho hupokea uzito uleule. Waturuki wana sababu ya kufikiri hivi: mwaka 2005 serikali iliondoa sifuri sita katika fedha yao, lira milioni moja za zamani zikawa lira moja mpya, na Oktoba 2022 mfumuko wa bei wa mwaka, kwa takwimu rasmi, ulipita asilimia 85. Mwanamke aliyeona mambo hayo mara mbili katika maisha yake hahitaji mchumi wa kumshauri aweke akiba katika kitu gani. Wapo wanaoicheka siku ya dhahabu na kusema ni mahali pa umbea na keki. Mimi naona wanaikosea heshima, kwa sababu kwa mama wa nyumbani asiye na mshahara hiyo huwa ndiyo akiba pekee ambayo mume hawezi kuuliza imekwenda wapi, na nimewaona waliolipia ada za shule na meno ya watoto kwa sarafu hizo. Keki zipo, sikatai, pamoja na saladi ya bulgur, yaani ngano iliyochemshwa na kuvunjwavunjwa, maandazi ya jibini yenye matabaka, majani ya mzabibu yaliyoviringishwa wali, na hapa Kayseri lazima iwepo manti, vibonge vya unga vyenye nyama ndani, ambavyo mkwe mzuri, kwa simulizi za hapa, alipaswa kuvifinyanga vidogo kiasi cha 40 kukaa katika kijiko kimoja.

Bei ya robo imepanda mno, kwa hiyo vikundi vingine vimehamia gramu moja, au hata nusu gramu, au vimerudi kwenye fedha taslimu.

Dhahabu hiyohiyo ndiyo inayotawala harusi. Usiku wa hina, bibi harusi hukunja ngumi na kukataa kuifungua mpaka mama mkwe amwekee sarafu kiganjani, ndipo hina ipakwe. Siku ya sherehe yenyewe, maharusi husimama wamevikwa utepe mwekundu, na wageni hupanga foleni kuwabandika sarafu, bangili au noti. Katika kumbi nyingi mtu mwenye kipaza sauti hutangaza nani kaleta nini, na hilo, niseme wazi, silipendi, kwani hufedhehesha mwenye kidogo mbele ya ukumbi mzima. Familia huandika kila kitu katika daftari, kwa kuwa siku mtoto wa aliyekubandikia robo atakapooa, nawe utakwenda na robo, iwe bei yake imepanda mara mbili au mara kumi. Wenyeji wanaolalamika kuhusu mzigo huu ni wengi, hasa vijana, na wapo siku hizi wanaofunga ndoa mbele ya ofisa wa manispaa tu, wakanyagane miguu kwa mzaha ili ijulikane nani atatawala nyumba, kisha wakale chakula na familia mbili.

Mliokuja kusoma kwa ufadhili msiwe na hofu. Mwanafunzi mgeni hatarajiwi kuleta dhahabu. Sanduku la baklava, vile vitamu vyao vya unga vyenye matabaka, au la chokoleti linatosha, na sikukuu ya Idi ukiwabusu wazee mkono na kuuweka kwenye paji la uso, utapendwa kuliko mwenye zawadi ghali. Sasa nimalizie na swali la wale kaka zangu watatu wanaotaka kuoa huku. Utakwenda kuposa ukiwa na mzee wa kukusemea, maua na chokoleti. Mzee ataomba binti kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, na binti ataleta kahawa. Ya kwako itakuwa na chumvi, tena ya kutosha, nawe utainywa yote bila kukunja uso. Baada ya hapo mazungumzo yatahamia kwenye bangili ambazo upande wako utamvika bibi harusi, ni ngapi na za gramu ngapi, kwa hiyo kabla hamjaniuliza tena Kituruki kinajifunzwa kwa miezi mingapi, pitieni kwanza kwa sonara, kwa sababu bei ya gramu hubandikwa dirishani kila asubuhi, na ya jana haimfungi mtu.