Supanova 1987A: nyota iliyochelewa kung'aa

Ndugu zangu, usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, mwanaastronomia Ian Shelton alisafisha picha aliyokuwa ameipiga kule Las Campanas, kituo cha kutazamia nyota nchini Chile. Ilikuwa ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani ambayo hata sisi wa Dar es Salaam huiona chini upande wa kusini, mradi taa za mjini ziruhusu. Pichani palikuwa na nyota ngeni. Akatoka nje kutazama, akaikuta. Mwenzake, Oscar Duhalde, alikwisha kuiona usiku uleule kwa macho matupu.

Ilikuwa supanova, yaani nyota inayolipuka mwisho wa uhai wake. Wengi hudhani supanova hulipuka, hung'aa papo hapo, kisha huzimika. Hii iliendelea kuongeza mwanga hadi Mei! Nyota yenyewe ilikuwa ya buluu, imejibana, si jitu jekundu lililovimba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya joto la mlipuko iliishia kuitanua gesi, ikabaki kidogo ya kutuangazia.

Sasa ule mwanga wa Mei ulitoka wapi? Hapa ndipo mimi huona utamu wote ulipo. Mlipuko ulizalisha nikeli yenye unururifu, yaani inayooza yenyewe na kugeuka elementi nyingine huku ikitoa miale, yenye uzito unaozidi Dunia 20,000. Nikeli hiyo hugeuka kobalti, nusu yake kila siku 6. Kobalti nayo hugeuka chuma, nusu yake kila siku 77. Kila hatua hutoa miale ya gama, gesi inaimeza, inapata moto, inang'aa.

Ukichora grafu ya mwangaza, kuanzia Julai utaona unashuka kwa nusu kila siku 77 hivi. Ni kobalti ileile! Na kama mtu bado anabisha, Agosti mwaka huohuo setilaiti ya Solar Maximum Mission ilianza kunasa miale ya gama yenye nishati ya kobalti hasa.

Baadaye gesi ilitawanyika, miale ikawa inapenya bila kumezwa, na mwanga ukashuka kwa kasi zaidi. Kisha kasi ikapungua tena, kwa sababu zamu ilishikwa na kobalti ya aina nyingine, halafu titani, ambazo huoza taratibu.

Mnamo 2001 hivi mabaki yakaanza kuongeza mwanga upya. Safari hii si unururifu: wimbi la mlipuko lilikuwa limeligonga pete la gesi ambalo nyota ililitema maelfu ya miaka kabla, na eksirei zilizotoka pale zikayapasha moto mabaki yaliyoko katikati.